Vijana Wawili wa Duka la Chole

Mjukuu wa jirani yangu anasoma biashara Dar es Salaam. Alikuja likizo akajifungia chumbani, chakula hataki, watu hataki. Mama yake akasema ni malaria. Nikaingia kumwona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

Akageukia ukutani. "Siumwi, babu. Ni stresi tu. Mtihani uko mbele, na naona hata nisome vipi, mambo hayako mikononi mwangu."

Neno stresi nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Ugonjwa wenyewe naujua tangu enzi za Mwingereza. Nilifundisha vijana biashara hapa Kisarawe miaka mingi, na kama kuna kitu nilichokitazama kuliko mizani na magunia, ni uso wa kijana anayesubiri kutahiniwa. Nikamwahidi mjukuu huyo kwamba nitaandika ninayoyakumbuka, asome yeye na wenzake. Msitegemee dawa humu. Nimechoka, na mtu aliyechoka hasemi uongo mwingi, kwa sababu uongo nao ni kazi.

Darasa letu lilikuwa ghala la zamani la sufi, chini kidogo ya boma. Sufi ilikuwa imeondoka lakini manyoya yake yalibaki kwenye paa, na upepo ukivuma yalishuka polepole juu ya vichwa vya wanafunzi. Mgeni akiingia aliwakuta vijana wenye mvi, wanakohoa. Vijana hao walitoka vijiji vya wilaya nzima, upande wa Kisarawe na upande wa Kibaha, kila mmoja ametumwa na kijiji chake ajifunze kuendesha duka la ushirika. Mpango wa boma ulikuwa hivi: kijana wenu akifaulu, kijiji kinapata duka, na lori linaleta shehena ya kwanza: chumvi, sukari, mafuta ya taa, sabuni, kaniki, majembe. Kijana wenu akishindwa, mnaendelea kutembea.

Sasa pimeni wenyewe. Ninyi mkishindwa mtihani mnalia peke yenu. Wale wakishindwa, bibi kizee wa kijijini atatembea tena kutwa nzima kwa ajili ya kibaba cha chumvi, na kila hatua atamtaja aliyeshindwa kwa jina la baba yake.

Mkuu wa darasa alikuwa Mwalimu Athumani. Mzee huyo alinunua sufi na sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti, vijijini tangu wakati wa Mjerumani, na hapakuwa na njia ya mguu kati ya Kisarawe na mto Ruvu ambayo hakuijua. Mimi nilikuwa msaidizi wake, Damiani, kijana wa misheni, hodari wa hesabu na mwandiko, ambaye sikuwahi kuuza hata kiberiti.

"Damiani," aliniambia wiki ya kwanza mbele ya darasa, "wewe unajua biashara kama padri anavyojua ndoa."

Nilinuna, lakini alisema kweli. Mambo ninayowaambia ya kazi nilijifunza kwake. Alisema mkono mmoja ni wa mafuta ya taa, mkono mwingine ni wa sukari, ukiisahau mikono yako kijiji kizima kitakunywa chai ya kandili. Alisema kitu kikiwa kimekwisha, tangaza kimekwisha kabla mteja hajafungua pindo la khanga, maana aliyekwisha kufungua na akafunga tena anaondoka na hasira. Alitufundisha habari ya kibaba. Kuna kibaba cha mfuto, unachokifuta kwa ubao kikawa sawa na ukingo, na ndicho cha sheria. Lakini mtu wa pwani macho yake yanataka kuona kilima. Basi futa mbele ya macho yake, asiwe na shaka, kisha ongeza kidogo kwa ncha za vidole. "Kipimo ni sheria," alisema, "nyongeza ni adabu. Duka lisilo na moja kati ya hayo litafungwa."

Alikuwa pia na dawa yake ya uvivu. Darasani palikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo. Sisi wote tulikaa juu ya magunia. Kila Jumatatu Mwalimu Athumani alimtaja kijana aliyefanya vizuri kuliko wote, naye akakikalia kiti hicho mpaka Jumatatu nyingine. Mnacheka, lakini nimeona watu wazima wenye watoto wakigombana kwa ajili ya kile kiti. Walikuja alfajiri kufagia ghala, kila mmoja anataka aonekane na ufagio.

Kwa muda mrefu wa mwaka huo ninaousimulia, kiti kilikaliwa na kijana mmoja, Yohana wa Dutumi, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri. Sijapata kuona mwanafunzi mwenye bidii kama yule, na sijapata kuona mtu aliyekalia kiti kizuri kwa taabu kama ile. Alikikalia kama kina siafu. Yohana aliamini kila kitu ni juu yake. Mizani ikishika kutu, anasema, "Nisameheni, sikuifuta." Mvua ikinyesha sukari ikapata unyevu, anasema, "Ningeifunika." Siku moja panya alitoboa gunia la mchele, Yohana akasimama darasani akaomba radhi.

"Wewe ndiye uliyelitoboa?" Mwalimu Athumani akamwuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi mwache panya aombe radhi mwenyewe. Kaa chini."

Akakaa, lakini niliona hakusadiki. Jumapili alikuwa anaumwa tumbo, kwa sababu Jumapili hufuatwa na Jumatatu.

Mwanafunzi wa pili ninayetaka mumjue ni Kondo Shomari wa Chole. Chole hii yetu ya Kisarawe, si ile ya kisiwani kule Mafia. Chole ilikuwa imekwisha kutuma vijana wawili kabla yake. Wa kwanza alishindwa mtihani. Wa pili aliacha masomo katikati akaenda Dar es Salaam kuwa boi wa Mzungu. Boma likasema Chole itapewa nafasi moja tu tena, ya mwisho, na baada ya hapo duka litakwenda kwingine. Kondo alijua hayo yote. Siku aliyoondoka kwao wanawake walimsindikiza kwa nyimbo mpaka njia kuu, na shangazi yake akampa hirizi.

Hirizi hiyo niliiona katika wiki ya mizani. Tulikuwa na mizani ya masinia mawili. Kila kijana alipima sukari, kisha sisi tunaipima tena kwa mizani nyingine. Sukari ya Kondo ilipungua. Akapima tena, ikapungua vilevile. Macho yake mazuri, mkono wake mzuri, kosa halionekani. Mwalimu Athumani akalichukua sinia la bidhaa, akaligeuza. Chini yake, kwa uzi mweusi, palikuwa pamefungwa kihirizi cha ngozi.

"Nini hiki?"

"Kinga, Mwalimu. Shangazi kanipa. Mtihani una husuda nyingi."

"Kinga ya nani? Sinia limekwisha kulemewa kabla hujatia kitu, mteja anapata pungufu! Jamani, njooni mwone, hirizi mwizi!"

Ghala lilitikisika kwa kicheko. Hata Yohana alicheka. Kondo hakucheka. Aliifungua hirizi yake polepole akasema, "Ndiyo nyota yangu, Mwalimu. Hata kinga yangu inaniharibia."

Hapo ndipo palikuwa na ugonjwa wa Kondo. Yeye aliamini hakuna kilicho juu yake. Akipatia, ni bahati. Akikosa, ni nyota, ni husuda, ni mwalimu hampendi, ni Chole ina mkosi. Peke yake alipima vizuri kabisa. Akisimamiwa na mtu mwenye cheo, mikono ilimtetemeka. Nilimwuliza kwa nini asirudie mazoezi kama Yohana. Akanijibu kwa heshima zote, "Mwalimu, aliyeandikiwa kufaulu atafaulu akilala."

Niliudhika. Nilikuwa kijana, nikadhani dawa ni rahisi: nikipunguza ushindani, Yohana atapumua na Kondo atathubutu. Mwalimu Athumani alipolala na homa nyumbani kwake, nikakiondoa kile kiti nikakiweka stoo. Nikatangaza kwamba sasa sote ni sawa. Wiki ile ile ghala halikufagiliwa. Vijana wakaanza kuja jua limekwisha kuwa kali. Kondo hakuthubutu chochote. Na Yohana, niliyemkusudia wema, akazidi kukonda, kwa sababu sasa hakujua tena amesimama wapi, akadhani amekuwa wa mwisho na sisi tunamwonea haya kumwambia.

Mwalimu Athumani alirudi, akatazama ghala, akaenda stoo mwenyewe akakirudisha kiti. Hakunigombeza. Jioni nilimwuliza kipi bora.

"Ukiwapa kiti wanaugua," alisema. "Ukiwanyima wanalala. Chagua ugonjwa."

Nimefundisha miaka mingi baada yake, vijana wangu, na kila mwaka nilikuwa nachagua. Mmoja wenu akija kupata njia ya tatu, aniletee habari kama nitakuwapo.

Mtihani ulifanyika gulioni Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Siku hizi mkipita mtaa wa Picha ya Ndege mnaona nyumba na maduka kila upande. Wakati ule palikuwa vichaka, na jina hilo hakuna aliyelitaja. Watu wa gulio walikuwa wakulima wa vijiji vya karibu na wakata mkonge wa mashamba ya walowezi. Kila mtahiniwa alipewa kibanda cha makuti, meza na bidhaa, auze asubuhi nzima huku mkaguzi akipita. Mkaguzi alikuwa Mzungu, mgeni nchini, mwenye Kiswahili cha kusoma. Alitazama mambo matatu: vipimo, usafi, na utaratibu nyuma ya meza. Hili la tatu tuliwaimbia darasani mpaka likawachosha: nyuma ya meza hapiti mtu asiye wa duka. Awe baba yako, awe jumbe wako, hapiti.

Yohana alikuwa kibanda cha kwanza. Kila kitu chake kilikuwa kimenyooka. Aliuza kwa usahihi, hakutabasamu hata mara moja, na mkaguzi alipoondoka alianza kuipangusa tena mizani iliyokuwa safi.

Kondo alikuwa kibanda cha mwisho. Amevaa shati la kaki lililopigwa pasi mpaka limekakamaa, na yeye ndani yake amekakamaa zaidi. Mimi nilisimama kando ya mkaguzi. Akaja mama mmoja mzee akaomba kibaba cha chumvi. Kondo akachota. Mkono ukatetemeka, chumvi ikamwagika huku na huku.

"Mwanangu," yule mama akamwambia, "unapima au unapepeta?"

Watu wakacheka. Niliona uso wa Kondo unazimika, nikajua amekwisha kuirudia nyota yake. Nikawaza habari ya Chole, nikatazama chini.

Ndipo akatokea mkata mkonge mmoja, mtu mrefu mwenye makovu ya miiba mikononi. Jina lake nililijua baadaye, Maganga. Akasimama mbele ya meza, akamtazama Kondo kutoka juu mpaka chini.

"Hodi hapa! Mbona umesimama kama picha? Kabila gani wewe?"

"Mzaramo," Kondo alijibu kwa sauti ndogo.

"Mzaramo! Kumbe mtumwa wangu! Nimekuachia duka langu nikaenda shamba, narudi nakuta unamwaga chumvi yangu?" Na kabla mtu hajasema neno, akapita nyuma ya meza, akachukua kofia mpya iliyotundikwa, akaivaa, akajikalia juu ya gunia la chumvi. "Haya, uza! Mimi Mnyamwezi mwenye mali natazama."

Ninyi mnajua utani, ingawa kwenu umebaki wa maneno tu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako ana haki ya kukutukana na ya kukushikia kitu chako, msibani, njiani, popote. Ukikasirika, aibu ni yako. Kitu hukombolewa kwa maneno matamu kuliko yake, au kwa kijizawadi.

Kondo akainua kichwa. Sijui niwaelezeje. Alikuwa kama mtu aliyeondolewa gogo kifuani. Tangu asubuhi alikuwa anatazamwa na mtu asiyeweza kumjibu, na sasa amepata mtu ambaye ni wajibu kumjibu.

"Mnyamwezi," akasema, "babu yako alitoka Tabora kwa miguu na mzigo kichwani. Umeutua wapi mzigo, mbona umebaki na kichwa kitupu?"

Gulio likaitikia. "Duka langu!" Maganga akapiga kelele.

"Lako, bwana wangu, lakini nyanyua makalio. Chumvi ikinywa jasho lako tutaiuza kama samaki."

"Wazaramo kazi yenu ngoma tu. Hata kibaba unakichezesha!"

"Nakichezesha nikuamshe. Mama, lete kikapu chako, huyu asikutishe, hana hata meno ya kutafunia muhogo."

Na huku akisema, mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Inachota, inafuta kwa ubao, inaongeza kwa ncha za vidole, haitetemeki. Watu wakatoka vibanda vingine wakaja kusikiliza, na waliokuja kusikiliza wakanunua. Mwishowe Kondo akamgeukia mtani wake, akainama kwa heshima kubwa.

"Vema, tajiri. Kama duka ni lako, basi na mtihani ni wako. Yule Mzungu pale amekuja kumtahini mwenye duka. Bwana mkaguzi! Mwenyewe huyu hapa, karibu umwulize!"

Maganga akatazama, akamwona Mzungu na karatasi zake anakuja. Akaruka kutoka kwenye gunia, akaivua kofia akamvisha Kondo. "Duka nimekupa, mtumwa! Nimekupa bure na watoto wako!" Akatokomea katikati ya watu. Kicheko kilichofuata sijakisikia tena gulioni.

Mkaguzi naye alitabasamu. Kisha akaniuliza, "Yule ni nani?"

"Mtani wake, Bwana."

"Mtani ni kitu gani?"

"Ni mtu mwenye haki ya kukutukana."

"Kwa sheria gani?"

"Ya wazee, Bwana."

"Na kuvaa kofia asiyoinunua?"

"Na hiyo pia."

Alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kijana amepima vizuri sana, na wateja wanampenda. Lakini nyuma ya meza alikaa mtu asiye wa duka, na yeye hawezi kumpitisha mmoja kwa kanuni na mwingine kwa kicheko. Mwalimu Athumani alikuja akabishana naye mpaka kofia yake ikaanguka. Haikusaidia. Yohana alifaulu, wa kwanza wa wote. Kondo alishindwa, na Chole ikapoteza nafasi yake ya mwisho.

Nilikwenda kumtafuta Kondo huku nimekwisha kuziandaa pole zangu. Nilijua atakachosema: nyota. Nilimkuta anakunja turubai.

"Mwalimu," akasema kabla sijaanza, "kumwacha apite nyuma ya meza, ni mimi. Ningemwekea kigoda mbele angekaa mbele. Mtani hachagui pa kukaa."

"Na mkaguzi?"

"Mzungu kutojua utani, hilo si langu. Singeweza kumfundisha asubuhi moja." Akakunja upande wa pili wa turubai. "Yohana kwao daraja limevunjika, lori halifiki Dutumi mpaka kiangazi kijacho. Atakaa bure. Ombeni boma wampeleke Chole. Wazee wasikose chumvi kwa ajili ya kigoda."

"Utakuwa na uso wa kurudi Chole na mgeni?"

"Uso nitautafuta njiani."

Niliyatazama maneno yale kama mtu anayetazama kitu kilichookotwa. Mimi na mwalimu wangu tulikuwa tumehangaika na yule kijana kwa kiti, kwa mazoezi, kwa hotuba, na kilichomfungua ni mkata mkonge aliyekalia chumvi. Msiniulize somo lake ni lipi. Siwezi kumwajiri mtani kwa kila mwanafunzi.

Boma lilikubali kwa taabu: duka la Chole lifunguliwe, mwenye kuliendesha awe Yohana. Kondo akampeleka kwa miguu. Nilisikia baadaye kwamba shangazi aliwasubiri njiani, akamtazama mgeni na Biblia yake kwapani.

"Kondo, umetuletea duka au umetuletea Mkristo?"

"Vyote viwili, shangazi. Kimoja kilikataa kuja bila mwenzake."

Duka lile liliishi miaka mingi, mpaka mambo ya nchi yalipobadilika na maduka ya namna hiyo yote yakabadilika. Lakini mwaka wa kwanza nusura life, na ni mwaka huo ninaotaka kumalizia.

Masika yalishuka kwa nguvu. Njia ya Chole ikawa tope, lori likakwama upande wa Pugu likiwa na chumvi na mafuta ya taa. Muuza mikeka mmoja aliyetoka Chole akanifikia Kisarawe na salamu za Yohana: "Mwambieni Mwalimu aje aniondoe. Nakufa." Nikaenda boma kuomba ruhusa ya kumwondoa. Wakaniruhusu, wakasema na duka lifungwe mpaka apatikane mwingine. Nikavua soksi nikaingia njiani. Katika umri wangu wa leo naikumbuka safari ile kwa magoti.

Nilipokaribia Chole nilisikia sauti za watu kabla sijaliona duka. Nikajua wanamsulubu kijana wa watu. Kumbe nilipofika, aliyekuwa amezungukwa alikuwa Kondo. Amekaa juu ya kigoda mbele ya meza, maana yeye hakuwa mtu wa duka na nyuma ya meza hapiti.

Bibi mmoja alikuwa amemnyooshea kidole. "Chumvi iko wapi, Kondo?"

"Iko Pugu, bibi. Imekaa inatazama mvua kama wewe."

"Na huyo Mdutumi wenu anafanya nini?"

"Bibi, Yohana angekuwa anaendesha mvua angekubali kukaa Chole hii? Angekuwa Unguja anakunywa kahawa. Sabuni ipo, majembe yapo. Chumvi hakuna leo, na kesho usije, utajichosha bure. Lori likifika nitapiga ngoma mwenyewe."

Bibi akasonya, lakini alikuwa anacheka. Akanunua sabuni, Kondo akamwambia achukue mwenyewe mezani. Walipotawanyika nilimsogelea.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa tope."

"Marahaba. Wewe unafanya nini hapa?"

Akanieleza kidogo kidogo. Yohana, lori lilipochelewa, alikuwa anatembea kila siku mpaka barabarani kulitazama, kana kwamba macho yake yatalivuta. Siku moja alifika mpaka kwenye lori lenyewe, akabeba nusu gunia la chumvi kichwani akaanguka nalo mtoni. Hakula. Wazee hawakumlaumu, wanaijua mvua tangu wazaliwe, lakini kila aliyenung'unika yeye alisikia hukumu.

"Nikamwambia, ndugu yangu, kazi yako ni mizani, na sinia liwe safi. Wanaonung'unika niachie, ni shangazi zangu hao. Lori tumwachie Mungu na dereva. Hakunisikia mpaka jana."

"Kondo, jina lako halipo popote katika duka hili."

"Najua, Mwalimu."

Nikamwambia nimekuja na ruhusa ya boma kumwondoa Yohana na kufunga duka. Aliitikia kwa kichwa, hakubisha. Nikauliza Yohana mwenyewe yuko wapi. Akanionyesha kwa kidevu nyuma ya meza.

Yohana alikuwa amejinyoosha juu ya magunia matupu, mchana kweupe, mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka sakafuni. Mvua ilikuwa inapiga makuti juu yake na hakusikia. Mwaka mzima darasani sikupata kumwona hata akipiga miayo. Nikavuta pumzi nimwite.

Kondo akaniwekea kiganja kifuani, mimi mwalimu wake, bila kuomba ruhusa.

"Taratibu, Mwalimu," alisema. "Ndiyo kwanza amelala."

Nikavua viatu vyangu vya tope, nikatafuta mahali pa kukaa mbele ya meza, nikasubiri.